Kikombe Kimoja na Baba Mkwe

Matema, Unyakyusa

Baba mpenzi, shikamoo. Waraka huu nautia mikononi mwa wapagazi wanaoshuka pwani, nikiomba ukukute mzima na mguu wako umepona. Mimi mwili u mzima. Moyo ndio haujatulia, nami sina wa kumwuliza ila wewe uliyenifundisha katekisimu.

Uliponioza kwa Ambakisye, mpagazi aliyebatizwa kwetu, hakuna aliyetuambia desturi moja ya watu wake. Huku mkaza mwana haonani na baba mkwe. Jina lake silitaji, wala yeye halitaji langu; chombo chake sikigusi. Nikisikia kikohozi chake njiani, najitosa migombani na kujifunika shuka mpaka apite. Mwanzo nilicheka, kisha nikajiambia ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Basi nikafumba.

Sasa nina mimba kubwa. Naye mzee, baada ya kufundishwa muda mrefu, amebatizwa, na Jumapili iliyopita ilikuwa mara yake ya kwanza kushiriki Chakula cha Bwana. Kikombe ni kimoja. Wanaume hunywa kwanza, kisha wanawake.

Siku moja kabla, mama mkwe alinijia jikoni.

"Mwanangu, usinywe. Ukishiriki chombo na mkweo, mimba haikai. Nimeyaona."

"Na mchungaji je? Amesema asiyekubali kunywa na mwenzake hajui alibatizwa kwa ajili ya nini."

"Mchungaji hazai," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Mume wangu alisikia, akachukua jembe akatoka. Baba, niliogopa sana. Nisipokunywa, namwogopa Mungu. Nikinywa, namhofia mtoto, nami yule wa kwanza nilimzika njiani tulipokuwa tukija huku.

Jumapili nikapiga magoti upande wa wanawake, shuka usoni, nikichungulia. Mzee aliupokea mkate. Kikombe kilipomfikia, aliinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja. Mchungaji akangoja. Mzee akatikisa kichwa, kikombe kikapita. Kisha kikaja kwangu, nikanywa.

Sasa watu wananong'ona kwamba moyo wake bado uko kwa mizimu. Mchungaji amemwita na kumhoji, naye hajibu neno, maana hawezi kunitaja. Nahofu atatengwa na kanisa. Na kifua chake kibaya, Baba. Kikohozi kinazidi, na Chakula kingine ni mpaka baada ya mavuno. Naogopa atakufa hajakigusa kikombe kile.

Jana nilimsikia njiani akikohoa. Nilikusudia nisikimbie, nimwambie "ndaga", ndiyo asante yao. Nikasimama palepale. Yeye ndiye aliyeingia migombani, mzee mzima, akajifunika nguo kichwani mpaka nikapita.

Nisalimie Mama, na dada yangu mkubwa, na mjomba seremala. Waambie mtoto anacheza tumboni. Kesho nakwenda kwa mchungaji kumweleza, ingawa sijui atanipokeaje, wala mama mkwe atasema nini nikirudi. Jibu lako halitawahi, lakini niandikie hata hivyo. Wewe ulinifundisha kwamba kikombe kile ni cha mtu aliyejitoa kwa ajili ya wengine. Basi niambie, Baba: Jumapili ile, mzee huyu alikunywa au hakunywa?

Ni mimi mwanao wa mbali,
Marta