Watapangiwa Nafasi

Durban, 12 Februari 2012

Dada yangu Coletha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kasulu, na shemeji naye mguu umeacha kumsumbua. Sisi huku Greyville tuko salama. Joto tu. Unavaa shati likiwa kavu, ukifika kwenye robot ya kwanza, ndivyo wanavyoita taa za barabarani huku, limeshalowa.

Mwanao Kaneza ameingia darasa la tano. Kiingereza ameshanipita. Nikikosea mbele ya mteja pale saluni ninaponyoa, anasubiri tutoke ndipo anirekebishe. Rafiki yake mkubwa ni Tina, mtoto wa Mireille, yule mama wa Uvira anayesuka nywele kwenye kiti kilicho karibu na changu. Ndiye aliyekesha naye Kaneza alipofika na ile homa.

Liko jambo moja shuleni. Kuna taasisi inataka kuichukua shule iwe akademi. Watapaka rangi, wataleta kompyuta, wataleta walimu wapya, na serikali itabaki jina tu. Wazazi wengi wamekataa. Anayeongoza ni Mzee Pillay, mwalimu mstaafu anayeishi Sydenham, aliyesoma shule hii hii akiwa mtoto. Wamefunga mabango kwenye uzio. Hofu yangu ni nyingine. Mwalimu mkuu alimpokea Kaneza bila kuuliza karatasi za kuishi nchini. Wakija wapya wataziuliza, na wewe unajua mtoto alivyovuka mipaka.

Nakuandikia kwa sababu haya si ya simu. Barua anakuja nayo Respicius, anarudi Kigoma.

Mdogo wako,
Séverin


Kasulu, 30 Machi 2012

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, Respicius aliileta mpaka kwenye cherehani. Shemeji yako anatembea, ila kilimo mwaka huu basi. Mimi nashona sare za shule kutwa nzima, na kila nikipima bega la mtoto wa watu namfikiria wangu.

Mambo ya akademi siyajui. Ninachojua ni kwamba nilimtoa mwanangu mikononi mwangu nikakukabidhi wewe ili asome. Fanya lolote, Séverin. Mengine yote yakikushinda, hilo lisikushinde. Asirudishwe nyumbani kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Mpe salamu Mireille. Mwambie sijamwona kwa macho lakini namjua.

Dada yako,
Mama Kaneza


Durban, 19 Agosti 2012

Dada,

Shikamoo, na habari za siku nyingi. Hatujambo. Baridi imeanza kuondoka.

Nakuletea habari njema. Kura ya wazazi imepigwa na akademi imepita kwa kuzidi mikono kumi na moja tu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa wazazi wanaosema Kiswahili, Wakongo na Warundi, na nadhani nilifanya vizuri, maana wale wa taasisi wameniita ofisini na kuanzia Januari nitakuwa msaidizi pale. Nitavaa tai. Nafasi ya Kaneza ipo, nimeambiwa kwa kinywa, hakuna atakayemgusa.

Mzee Pillay alinipita mlangoni bila kunipa mkono. Alikuwa amenipa karatasi zake za upinzani nizitafsiri. Sikupata muda.

Ombea mambo yaendelee hivi.

Mdogo wako,
Séverin


Kasulu, 7 Oktoba 2012

Mdogo wangu Séverin,

Marahaba. Tumshukuru Mungu. Niliposoma habari ya Kaneza nilifunga cherehani nikaenda kanisani siku isiyo ya ibada. Shemeji yako amecheka kusikia una tai.

Lakini hukusema kitu juu ya Tina. Naye nafasi yake ipo? Na hao wazazi wengine, walifurahi? Niambie, maana umeandika kama mtu aliyeshika mlango usifunguke.

Dada yako,
Coletha


Durban, 3 Machi 2013

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Umeuliza, na nimekaa miezi mitano bila kukujibu. Nisamehe. Sasa nakueleza ilivyokuwa.

Wiki moja kabla ya kura, mama mmoja wa ile taasisi aliniita tunywe chai. Alitaka mkalimani. Nikamweleza wazi kwamba nina mtoto asiye na karatasi. Akasema mtoto wa mkalimani wao hawezi kuachwa nje. Sikumuuliza wengine itakuwaje. Niliogopa akijibu nitakuwa nimejua.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, watu walisimama hadi madirishani. Sisi wa Kiswahili tulikaa safu mbili za nyuma, watu ishirini na sita ukiniacha mimi. Yule mama akasema kwa Kiingereza kwamba watoto wasio na karatasi halali hawataendelea hapo, idara ya elimu itawatafutia nafasi kwingine kama ipo. Nusu ya safu zile karatasi zao zilikuwa zimepitwa na wakati, wewe unajua foleni ya karatasi ilivyo huku. Mireille akageuka akaniuliza, "Séverin, anasema nini huyu mama?"

Nikamjibu, "Anasema watoto wote watapangiwa nafasi."

Akasema basi ni vizuri, na kura ilipoitwa akainua mkono kuikubali akademi. Wenzake walipomwona, nao wakainua.

Januari barua zikatoka. Watoto kumi na wanne wa safu zile hawakuchukuliwa, Tina mmoja wao. Nilipokwenda saluni kuchukua vifaa vyangu, Mireille aliniletea ya kwake nimsomee. Nilimsomea yote, safari hii kama ilivyoandikwa. Alikunja karatasi, akarudi kumalizia kichwa cha mteja aliyemwacha kwenye kiti.

Jioni Kaneza akaniuliza, "Mjomba, walisema hivyo tangu siku ile?" Nikasema ndiyo. Asubuhi bado ananiamkia, maana ulimlea hivyo. Lakini Kiingereza changu harekebishi tena. Naongea makosa mbele yake, anatazama pembeni. Tina yuko saluni, anafagia nywele.

Sijamwambia mtu mwingine.

Mdogo wako,
Séverin


Kasulu, 21 Mei 2013

Séverin,

Hatujambo hapa. Barua yako niliisoma mara mbili, nikampa shemeji yako naye akaisoma.

Nilikuandikia ufanye lolote. Neno hilo nililiandika mimi, kwa mkono wangu, na sitajificha nyuma yako. Mtoto wangu amekaa kwenye kiti cha Tina na mimi nilikwenda kanisani kushukuru. Hilo nitalibeba mwenyewe.

Lako ni hili. Nenda kwa Mireille. Usiende na zawadi, na usiende na mchungaji wa kukusemea. Ukitoka kwake nenda kwa wengine wote walioinua mkono. Kama kwa kusema hivyo Kaneza atapoteza nafasi, apoteze. Nimelala na jambo hili siku tisa kabla ya kuliandika.

Usiniandikie mpaka umekwenda.

Dada yako,
Coletha


Durban, 16 Machi 2014

Dada yangu Coletha,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na shemeji pia, ingawa kwa muda huu wote sikuwa na haki ya kuuliza.

Nimekwenda. Nilichelewa. Juni yote na Julai nilikuwa nafika kwenye kona ya saluni, narudi. Nilianza na Mzee Pillay kwa kuwa kwake ilikuwa rahisi zaidi. Hakunikaripia. Aliandika maneno yangu, nikatia sahihi, akayapeleka idarani. Jibu lilikuja Septemba: iliyohesabiwa ni mikono, na mikono iliinuliwa. Kura imebaki.

Kisha nikawaita wale wazazi kwenye chumba cha kanisa, nikawaambia sentensi ile kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili chake cha kweli. Wengine walitoka kabla sijamaliza. Mmoja wao, Bizimana, fundi viatu, alisimama akasema mwezi ule wa Januari alimpiga mwanawe, akidhani ameachwa kwa uvivu wake. Akakaa tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Dada. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Mireille hakuja kanisani. Nilimfuata saluni, nikamwambia akiwa anasuka. Alisema, "Ungeniambia ni kwa ajili ya Kaneza, tungetafuta njia pamoja. Mimi nilimwogesha yule mtoto." Hakuniangalia tena siku ile.

Akademi waliposikia waliniondoa kabla ya mwezi kwisha, na Desemba wakamwondoa Kaneza. Alichukua vitabu vyake akarudi navyo kichwani kama mtu anayetoka sokoni. Sasa nimerudi kwenye kunyoa, saluni nyingine, upande wa Glenwood. Mara tatu kwa wiki Mzee Pillay anawafundisha Kaneza na Tina kwenye baraza yake Sydenham. Si shule, lakini wanasoma.

Wiki iliyopita Mireille alikuwa na siku ya kwenda idarani kumwombea Tina nafasi. Kiingereza hana, na karibu na kwake hakuna mwingine anayekijua. Nikajitolea. Akasema naweza kuwasindikiza kwenye taxi, lakini atakayetafsiri ni Kaneza. Mimi nikakaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi.

Yule karani alisema maneno mengi. Nilimsikia Kaneza akiyageuza moja moja: "Mama Tina, anasema mwaka huu nafasi hakuna. Anasema karatasi yako imepitwa na wakati, na hata ukirudi wiki ijayo jibu ni hilo. Amesema pole, lakini hajainua macho."

Nilitaka kuingia nilainishe maneno. Mkono ulishafika mlangoni.

Mireille akasema, "Asante, mwanangu. Sasa muulize, nikishapata karatasi niende kwa nani, na kama akikataa yeye, juu yake yuko nani."

Kaneza akauliza. Karani akaandika majina mawili kwenye kipande cha karatasi, akampa.

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile. Mireille alikuwa nalo hata ukumbini, Dada, na wale wenzake ishirini na tano kila mtu alikuwa na lake. Hakuna aliyeliuliza, kwa sababu niliwaambia hakuna la kuuliza.

Kaneza anakuamkia. Anasema ya kwake atakuandikia mwenyewe, nisimwandikie mimi.

Mdogo wako,
Séverin