Bibingka Chini ya Daraja la Mianzi

Tayabas,
Jumapili, baada ya misa

Kwa binti yangu mpenzi Clarivel,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula, na umevaa soksi. Sisi huku hatujambo. Goti langu linalalamika mvua ikikaribia, lakini presha imetulia, na daktari wa zahanati ameniambia nina moyo wa msichana. Nikamjibu hana haja ya kushangaa, mimi ni mama wa muuguzi wa Ayalandi.

Bango lako bado liko getini. Uso wako umepauka kidogo kwa jua, ila maneno ya kuwa umefaulu mtihani wa serikali yanasomeka hadi barabarani. Jirani yetu Aling Dolor alisema sasa ni wakati wa kulishusha. Nikamwambia siku mwanawe akifaulu chochote, hata kuendesha baiskeli, nitalishusha langu nimpishe. Tangu hapo hajaja kuazima siki.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu hukatika, halafu wewe hulia, nami nikisikia unalia nasahau nilichotaka kusema. Basi mimi niliyeishia darasa la sita nimekaa mezani tangu tulipotoka kanisani, naandika taratibu, kwa sababu haya nataka uyasome mara mbili. Yanamhusu mbwa wako, Bibingka.

Kwanza nikusifu, maana wengine hawakusifu vya kutosha. Jirani zetu wa ng'ambo ya barabara walipohamia Kanada walimpakia mbwa wao garini wakamshusha kwenye lango la soko, eti pale hakosi makombo. Mpaka leo yule mbwa hukimbilia kila gari jeupe linalopita. Wewe hukufanya hivyo. Ulimtafutia Bibingka nyumba kama mtu anayemtafutia binti yake mchumba. Binamu yako Boyet ulimkatalia kwa jinsi yeye na walevi wenzake walivyokuwa wakimtazama kama kitoweo, naye hadi leo ananung'unika: "Kwani nani amenisikia nikitaja kitunguu?" Mwishowe ukamwacha kwangu, ukamshika masikio, ukamwahidi kwamba utamtumia nauli. Na ukatimiza. Kizimba cha safari kikaja, sindano akadungwa, vipimo vya damu vikarudi safi. Nilitangaza mtaa mzima kwamba mbwa wetu atapanda ndege kabla ya mke wa meya.

Lakini kuna jambo sikukwambia. Ulipoondoka, Bibingka alilala pale getini, chini ya bango, chini kabisa ya uso wako. Akagoma kula. Hata adobo yangu aliigomea, adobo ambayo mabosi wangu wa Hong Kong walikuwa wakiramba sahani. Mbavu zikahesabika. Niliona aibu kukueleza kwamba mbwa wako anafia chini ya picha yako.

Ndipo asubuhi moja akapita Mang Ponsing, yule mgema, na chombo chake cha mwanzi mgongoni. Akasimama, akamwangalia, akamwambia, "Wewe, kama unangoja kufa, njoo ungojee kwangu, angalau kuna kivuli." Bibingka akainuka, akajikung'uta, akamfuata. Mwanzoni alikuwa akirudi kwangu jioni kula vichwa vya samaki. Baadaye hata hivyo vichwa akaviacha. Kila ulipomuulizia nilikwambia ametoka kucheza.

Wiki iliyopita, siku ya safari yake, nilikodi gari nikaenda na dereva hadi shambani kumchukua. Wewe umezaliwa huku, unajua wagema wetu hawashuki kutoka mnazi huu kupanda ule. Hupita juu kwa juu kwenye mianzi iliyofungwa kutoka mti hadi mti, mwanzi mmoja wa kukanyaga, mwingine wa kushika. Nimeyaona madaraja hayo tangu utoto mpaka nikawa siyaoni tena. Lakini asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Banahaw, na vichwa vya minazi vilikuwa vimemezwa. Sikumwona Mang Ponsing. Nilisikia mianzi tu, kri, kri, huko juu.

Na chini, Clarivel, alikuwa Bibingka, anatembea.

Mianzi ikilia, anapiga hatua. Mianzi ikinyamaza, anasimama, anainua pua. Mgema akikata kona huko asikoonekana, mbwa anakata kona huku chini, kana kwamba kuna uzi umewafunga. Alikuwa kama kivuli chake, asubuhi isiyo na jua. Nilijikuta nimepiga ishara ya msalaba, mimi ambaye nilikuja na kamba mkononi. Sauti ikatoka mbinguni ikasema, "Leo unajikokota kama bwana harusi aliyelazimishwa! Twende, tembo litachacha!" Na Bibingka akautikisia mkia ukungu.

Nilimwita mzee, akashuka, nikamweleza. Hakubishana hata neno. Alisema mbwa ni wa Clarivel, yeye alimwazima tu. Akamwogesha kisimani kwa sabuni yake mwenyewe, akamfuta kwa shati lake la kanisani, akambeba hadi kizimbani. Bibingka akaingia bila ubishi, akalaza kidevu juu ya miguu. Ulimlea kwa adabu, mwanangu, hilo siwezi kulificha. Mang Ponsing akasema minazi haimngoji mtu, akapanda kwa haraka isiyo ya umri wake.

Mianzi ikaanza kulia tena.

Bibingka hakubweka. Aligeuka tu mle ndani, polepole, pua juu, akaifuata ile sauti mpaka paji la uso likagota kwenye nyavu. Sauti ikahamia upande mwingine, naye akageuka. Akagota tena. Dereva akapiga honi. Nikafungua mlango.

Mbwa wako hatakuja. Hakupotea, wala ndege haikumwacha. Ni mimi, na hakuna aliyenishauri. Nauli ipo yote, nimekuwekea. Utasema, "Nanay, mama yangu mwenyewe, amenidhulumu kilicho changu." Kabla hujakasirika, soma na hili, maana shingo inayogeuka namna ile nilishaiona.

Niliporudi kutoka Hong Kong ulikuwa na miaka mitano. Nilikuwa nimekuacha kwa Mama Mkubwa Sion ungali unanyonya. Nilikuja na viatu vyekundu. Hukulia. Ulivivaa, ukakaa kwenye benchi na kifurushi chako, ukaniita "mama" kwa heshima, kama unavyomwita mwalimu. Dada yangu alikuwa jikoni akikuna nazi, amenipa mgongo ili nisimwone uso. Akienda mekoni, shingo yako inamfuata. Akienda mtungini, inamfuata. Ndipo niliposema nyumba yangu haijaezekwa, basi ubaki kwanza.

Umeniuliza mara nyingi, na siku ya sherehe ya bango uliniuliza mbele ya wageni, ukiwa umeonja kidogo: mama gani anarudi kutoka ng'ambo hamchukui mwanawe? Nilicheka, nikasema ni paa. Clarivel, paa lilikuwepo. Bati jipya la kijani, hakuna aliyekuwa nalo kijiji kizima. Nililala chini yake peke yangu. Kila asubuhi nilikuja na mkate, nikakaa kwenye ngazi ya dada yangu, nikangoja. Hadi siku moja ya mvua ukaja wewe mwenyewe, viatu vyekundu umevishika mkononi visilowe, ukasema umekuja kusikia bati linavyolia.

Kwa hiyo ukija likizo, usimwite Bibingka kwa mbali. Keti chini ya minazi, unyamaze. Atakuja kukunusa, na harufu yako hajaisahau. Akipita getini bado hutazama juu kwenye bango.

Mang Ponsing anakusalimu. Hajui aseme nini, kwa hiyo amekuwekea chupa ya ile pombe kali ya mnazi. Boyet anasisitiza niandike kwamba hakutaja kitunguu. Mama Mkubwa Sion nilimwashia mshumaa leo kaburini kabla ya misa, kwa niaba yako na yangu.

Kula vizuri. Vaa soksi. Ninaishia hapa, mvua imeanza kugonga bati, na ni lilelile.

Ni mimi Nanay wako, ninayejivunia wewe mchana na usiku,

Adelfa