Mwanawe wa Kwenye Runinga

Dada yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na lile goti lako limeacha ukorofi. Mama anaendeleaje? Anakula? Mimi mwili ni mzima. Najua utasema mbona nakuandikia barua na simu ipo. Kwenye simu ningeanza utani kama kawaida yangu, tungecheka, halafu ningekata bila kusema lililonifanya nikutafute.

Uliniambia siku hizi napendeza kwenye taarifa ya habari. Ahsante, lakini kamera huishia kiunoni. Juu koti na tai, chini bukta na kandambili, nimesimama juu ya paa la hoteli kwa sababu mpiga picha anataka taa za mji zionekane nyuma yangu. Mtangazaji wa studio akiuliza swali, sauti yake huchelewa kunifika sikioni, basi nabaki nimekodoa macho na ninyi nyumba nzima mnaniangalia. Nikishajibu, ananishukuru na laini inakatwa.

Hapo ndipo upweke unaponikaba, dada. Watu wasio na idadi wametoka kunisikiliza, na mimi sina hata mmoja wa kumuuliza tule nini. Mpiga picha anakimbilia kwa mkewe. Mimi nashuka chumbani, nawasha runinga ili angalau kuwe na mtu anayeongea. Nimeishi hivi tangu nikiwa kijana wa kujipiga kifua. Nimetoka vitani nikapelekwa kwenye mafuriko, nimetoka kwenye mafuriko nikapelekwa kwenye uchaguzi, mpaka yule mchumba wangu unayemjua akachoka kusubiri. Simlaumu.

Juzi mhariri mkuu alinipigia. Alisema mkataba wangu unaisha na wanataka nisaini mwingine mrefu, tena katika kituo cha kazi kikubwa kuliko hiki. Akanimwagia sifa mpaka nikaona haya. Nilipomwomba muda wa kufikiria alishangaa, maana sijawahi kufikiria; huwa nauliza tu ndege ni saa ngapi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Unakumbuka likizo yangu iliyopita, siku uliyokwenda dukani ukaniacha na Mama? Sisi kabla ya likizo hurekodi taarifa za akiba, zile zisizochacha upesi, ili zirushwe tukiwa hatupo kazini. Jioni ile ikarushwa mojawapo, na mimi nimekaa naye kochi moja. Mama akanigusa mkono kwa adabu, akaniomba radhi, akasema mimi mgeni ninyamaze kidogo kwa sababu mwanawe wa mwisho anaongea. Kisha akaigeukia runinga, akaniuliza mimi wa mle ndani kama nimekula, mbona nimekonda, na narudi lini.

Nilimwambia Mama, mimi huyu hapa. Akanitazama kwa huruma, akakubali kwamba kweli nafanana naye kidogo, ila mwanawe ni mrefu zaidi. Uliporudi nilikudanganya kwamba macho yamenivimba kwa mafua. Tulijua Mama anasahau, dada, lakini sikujua kwamba nimeshasahaulika mimi, akabaki yule mwenye tai.

Ndiyo maana nimeshindwa kulala. Nikisaini, Mama atakuwa na mwanawe kila jioni, na mimi sitakuwa na mama. Nikirudi, nitamnyang'anya mtoto anayemjua, nimletee mgeni. Nililia kwa hilo, sikufichi.

Leo asubuhi nimemjibu mhariri kwamba sisaini. Naja mwisho wa mwezi, na safari hii naja kukaa. Nitandikie godoro chumbani kwa Mama. Usihangaike kumweleza mimi ni nani, utamchosha bure. Saa ya habari ikifika nitakaa naye, tumsubiri mwanawe pamoja. Hatatokea. Mama akianza kulia, mniachie mimi nimbembeleze.

Msalimie shemeji, na watoto wote uwakumbatie kwa niaba yangu. Mama naye mpe salamu zake, na usiseme zimetoka kwangu. Mwambie ni za yule wa kwenye runinga.

Akupendaye daima,

Mdogo wako,
Kitindamimba