Wimbo Usiofika Mwisho

Handeni, Sokoni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Baba naye mpe shikamoo yake, mwambie mwanawe mwenye mdomo bado anao. Natumaini barua hii itawakuta hapo Mashewa mkiwa salama, maharage yamekubali, na dada Glory ameacha kununa. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, nimependeza sana. Ukiniona utadhani mbunge. Baba aliniambia kwamba bado unaimba kila asubuhi ukiinuka kitandani. Nikacheka, nikamwuliza kama siku hizi umeujua mwisho wa ule wimbo. Akasema wapi.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nataka kuigusa ile habari uliyonikataza, ya kurudi hospitali na mgongo wako. Kwenye simu nikiianza tu, unaniuliza kama nimekula. Karatasi haiulizi. Najua yule tabibu wa mwaka ule alikuambia picha haionyeshi kitu, ni uzee tu, nawe ukarudi nyumbani ukasema huwezi kubishana na picha, na hospitali hutakanyaga tena. Basi kabla hujaikunja barua hii, nisikilize kwanza, maana mwanao amekuwa mtu mkubwa hapa mjini. Nimefundisha madaktari.

Usicheke. Mimi Frank, niliyeishia kidato cha pili, niliyekaa Dar, Arusha mpaka Tunduma, nimefundisha madaktari.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mnadani nauza viatu vyangu vya mitumba, nawaonyesha wateja jinsi mtu anavyotembea akinunua kwa jirani yangu: nachechemea, nashika kiuno, watu wanavunjika mbavu. Kumbe kati yao yupo Daktari Grace, mama mmoja aliyekuja Handeni kuwafundisha matabibu na wauguzi kutibu maumivu sugu, yaani yale yanayohamia mwilini mwa mtu yakakataa kuondoka. Akaniambia wanatafuta watu wa kujifanya wagonjwa, ili wanafunzi wake wakikosea, wakosee kwetu kabla hawajamkosea mgonjwa wa kweli. Nikamwambia amefika. Wanaye pia mdoli, mkubwa kama mtu, anapumua kabisa, lakini kulalamika hajui. Hapo nilimshinda.

Wakanipa habari za mgonjwa wangu: mkulima, mgongo unamuuma miaka, vipimo havionyeshi kitu. Mama, niliigiza! Nilipiga yowe, nikajitupa chini, nikaangusha benchi na ndoo ya kunawia. Tabibu Enock, kijana wa watu, akatoka mbio kutafuta machela. Daktari Grace alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniketisha, akasema kwa upole kwamba niliyemwigiza ni mtu aliyegongwa na lori asubuhi hiyo. Aliyekaa na maumivu miaka alishachoka kupiga yowe; anapika nayo, analima nayo, anakwenda nayo kanisani. Akaniuliza kama kwetu yupo mtu wa namna hiyo nimkumbuke. Nikajivuna, nikamjibu kwamba sisi asili yetu ni milimani, hatuumwi ovyo.

Nikarudi kwenye kiti nianze upya. Zamu hiyo ilikuwa ya Yasinta, tabibu wa kike kutoka Korogwe, dada mmoja hivi asiye na haraka. Aliponiambia nisimame, mkono wangu ukaenda wenyewe ukashika goti, bega likaegemea ukuta, nikainuka nusu, nikapumzika, ndipo nikamalizia. Akaniuliza maumivu yakinibana sana huwa nafanya nini. Jibu la swali hilo sikuwa nimepewa. Nikafungua mdomo nitunge uongo, ukatoka wimbo. Hauna maneno, unapanda, unapanda, halafu unakatika njiani.

Wenzake wakaangua kicheko, wakidhani ni vituko vyangu vya mnadani. Yasinta hakucheka. Alivuta stuli akakaa karibu, akangoja mpaka niliponyamaza, kisha akaniuliza kama ni wimbo ndio umekwisha, au ni maumivu ndiyo yamelegea.

Mama, nililia. Nililia kama mtoto aliyepotea sokoni. Wakanipigia makofi, wakasema huyu ni msanii kweli. Unanijua ninavyopenda makofi. Yale sikuyataka.

Maana ulikuwa wimbo wako. Ule wa kuinuka kitandani, wa kutua ndoo, wa kuinama shambani. Tangu wadogo tumekutania kwamba hujui mwisho wake, kila siku unaukatisha mahali pengine. Na baba anawatambia majirani kwamba mkewe ana furaha, anaimba kutwa. Kumbe mama hukuwa unaimba. Basi acha nikwambie wazi: mgonjwa niliyewafundishia wale watu ni wewe. Nilikuigiza bila kukuomba ruhusa, na mpaka siku ile sikujua kwamba nimekukariri hivyo, kuanzia goti mpaka pumzi.

Baadaye nilimweleza Yasinta yote. Muujiza hakuniahidi. Alisema picha ikiwa safi haina maana kwamba mgonjwa ni mwongo, na kwamba zipo dawa, yapo mazoezi, ipo na namna ya kuzipanga kazi za nyumbani, vikasaidia kuyapunguza maumivu, pengine yasiishe yote. Alisema ukienda kwake Korogwe atakuuliza, na atangoja umalize kujibu. Nimemwona akingoja, mama. Anajua.

Jumatano nitakuja nyumbani, Alhamisi twende wote. Nitakukatia siti ya mbele ili usirushwerushwe, na nimekuwekea viatu vya soli laini, vizuri, hata mke wa waziri hana. Baba usimwambie habari ya wimbo, niachie mimi. Ataumia, naye anaupenda.

Msalimie dada Glory, msalimie mama Habakuki hapo jirani, na wote wanaoniulizia, hata wale wanaoniulizia kwa ubaya.

Kama hutaki kwenda, nikifika niambie hutaki. Nitukane kwa Kishambaa ukipenda, nitakusikiliza mpaka umalize. Ila usiniimbie, mama.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Frank Hiza