Mshipa Wenyewe Ulikuwa Puani

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri na goti halikusumbui sana. Mimi ni mzima. Nakula, napumua, na ndani ya suruali yangu hakuna ugonjwa wowote. Utaelewa kwa nini nimeanzia hapo.

Siku ile niliyokupigia kutoka hospitali Lubumbashi, mtandao ulikuwa unakatakata, wewe ukashika neno moja tu: mushipa, nalo likasambaa. Sasa madereva wanaotoka huko kwetu Kisenge wananicheka hapa mgodini Mutoshi, eti nimepasuliwa mshipa wa chini, ule wa wanaume. Wanasema baba yake Régine amesimamisha habari za ndoa yetu mpaka ajue kama nitazaa. Mama, niliona haya, nikakasirika, kisha nikaogopa kabisa.

Ukweli ni huu. Unakumbuka pua yangu ilivyoziba upande wa kulia, na sote tukalaumu vumbi la mashimo? Ilipoanza kutoa damu na shavu kuuma, nilikwenda kupigwa picha. Kumbe kuna uvimbe. Daktari, mama mmoja mpole, aliniambia ni ugonjwa wa watu wachache: "Hii haiko vumbi, mutoto. Ni kitu inamea ku ngozi ya mushipa ya fahamu. Ni bantu kidogo tu banaipataka. Tutaitosha kupitia mu pua."

Walinilaza usingizi, wakapitisha kamera nyembamba na vyombo vyao kwenye tundu la pua, wakautoa wote. Usoni sina kovu. Walipoupima wakasema si kansa, nami nililia mbele ya manesi bila aibu. Mdomo wa juu bado una ganzi upande mmoja. Naosha pua kwa maji ya chumvi, na nitarudi kupigwa picha tena, maana uvimbe huo unaweza kuota upya.

Baba mdogo, kwa kuwa ni katekista na watu humwamini, amsomee baba yake Régine barua hii. Nyumbani kwake lakini, si kanisani! Msalimie pia yaya, dada yangu mkubwa, na wanawe.

Régine mwenyewe alinipigia jana. Nilianza kumweleza habari za pua na kamera, akanikatiza: "Mi sikuuliza ni mushipa ya wapi. Nauliza utakuya siku gani."

Leo asubuhi, mama, nimewauliza madereva wale wale wanarudi Kisenge lini.

Mwanao anayepumua pande zote mbili,
Donatien