Baba Ameipasha Piano Moto

Jumamosi. Mvua imekatika mchana, jua limetoka kwetu Nyamiaga, watu wameanika maharage.

Piano imepasuka.

Naandika tena ili niamini. Piano ya kanisani kwetu, ile ndefu ya tamasha aliyoiacha padre wa kizungu, imepasuka. Aliyeipasua ni baba yangu mzazi.

Asiyewahi kuinama chini ya piano ile hajui kilichoko huko. Kuna ubao mwembamba, umepindwa kidogo kuelekea juu, nao ndio unaozipa nyuzi sauti. Fundi Salvatori, mkimbizi wa Burundi aliyerithi ufundi wa piano kwa baba yake, ndiye aliyenifundisha kuupapasa. Mti wake, alisema, hukua polepole kwenye nchi za baridi, na hao wanaounda piano huuacha ukauke miaka kabla ya kuugusa. Masika yote amekuwa akitoka kambini kuja kuitengeneza, uzi kwa uzi. Jumatatu anapanda lori la kurudi kwao. Kesho ni misa ya kuwaaga wakimbizi, mimi ndiye nitakayeipiga, na hiyo ndiyo nafasi yake pekee ya kuisikia kanisa likiwa limejaa.

Jana tukila nililalamika kwamba mvua imeilegeza piano. Nilisema hivyo tu, imelegea.

Sasa, baba anawamba ngoma. Ngoma zake zinapigwa kwenye vigango vyote, Mabawe mpaka Kirushya. Kwake yeye, kilicholegea kinapashwa moto kama ngozi ya ngoma, basi. Leo nikiwa sokoni akabeba jiko la mkaa, akaliweka chini ya piano, akaketi kulipepea.

Nilimkuta anatoka jasho, anatabasamu.

"Sasa imekaza?"

Harufu ya gundi ilikuwa imejaa kanisa zima. Niliinama nikauona ufa, mrefu, kwenye ubao upande wa nyuzi nyembamba. Mungu anisamehe, nilitaka kumtukana baba yangu.

Ndipo Salvatori akaingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo uone, nimekusaidia kazi!"

Baba akamweleza yote, jiko, mkaa, kupepea. Salvatori akapiga magoti, akapapasa ule ubao, akakawia huko chini. Alipoinuka midomo ilikuwa inamcheza. Akabonyeza noti moja ya juu, ikavuma kama nzi ndani ya chupa. Baba alikuwa anamwangalia usoni, anasubiri.

"Imekaza, mzee," akasema. "Asante."

Asante!

Hiyo asante imenishtua kuliko ufa wenyewe. Kazi yake yote imeharibika, na bado alikiona kile ambacho mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikukiona: mzee aliyebeba moto kwa mapenzi.

Tulipokuwa wawili tu, nyuma ya sakristia, alilia. Nikalia naye. Kisha akaniambia nipige noti nene za chini tu, za juu nisiziguse kabisa.

Wimbo gani wa kuaga usiopanda juu? Nimejaribu kuimba kimoyomoyo kila ninaoujua. Sijaupata.

Nilipokuwa natoka kuja hapa kwenye kompyuta za mjini, baba alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe. Kesho anataka benchi la mbele, aisikie kazi yake.