Maziwa, Si Mikono Yako

Maabara, ghorofa ya pili,
Jumanne, 12 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji naye, kile kifua kimepoa? Na mapacha wameshaota meno? Sisi huku wazima wa afya, ila mimi nimejaa hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, basi nivumilie.

Ni Profesa. Wakumbuka alivyokufukuza mwaka juzi, eti una mikono michafu, kila utando wako wa kunasia protini unatoka mweusi tii, ukarudi nyumbani bila shahada. Nilipoingia mimi, tando zangu nazo zikawa vilevile. Akasema mbele ya wenzangu kwamba uchafu huu ni wa ukoo.

Wiki jana nilifungua kasha jipya la kingamwili nikasoma kile kikaratasi cha ndani. Unajua Profesa hututaka tukitupe, kwa kuwa maelekezo yake mwenyewe ameyabandika juu ya sinki: maziwa ya unga, saa moja, basi. Kikaratasi kinakataza maziwa. Nilikisoma mara tatu.

Baba nilimweleza hivi. Kingamwili hii tunaituma ikatafute protini zilizobeba fosfeti tu, na maziwa tunayatandaza kwanza juu ya utando ili isinate ovyo. Kumbe protini ya maziwa yenyewe imejaa fosfeti! Ni kama kumtuma mtu akamtafute mwenye kofia, huku umewavisha kofia mtaa mzima. Maziwa yalifaa kwa kingamwili zake za zamani, zisizojali fosfeti.

Nikakata utando vipande viwili. Cha kwanza nikakiloweka kwenye maziwa, kikatoka giza. Kwa cha pili nikatumia albumini ya ng'ombe, protini isiyobeba fosfeti, ukatoka mstari mmoja safi. Mikono ni hii hii.

Nikampelekea Profesa. Alivitazama, akakohoa, akasema kwa upole, "Yaliyopita si ndwele, binti yangu. Tugange yajayo."

"Hii ndwele ina jina la dada yangu," nikamwambia. "Andika kwamba ulikosea."

Hakuandika. Alibandua karatasi ya sinki, akaitupa, akabandika mpya yenye albumini, kana kwamba aliijua tangu tumboni mwa mama yake. Nimeiokota ile ya zamani pipani, nikaipeleka kamati ya shahada pamoja na vipande viwili, na sahihi yangu chini. Huenda nami nikafukuzwa. Liwe liwalo. Wakikuita, njoo.

Lakini hasira kubwa si juu yake. Siku uliporudi na sanduku lako, Baba alisema huenda ulizembea. Ukanitazama mimi, niliyekuona tangu utotoni ukinawa hadi viwikoni, niseme neno. Nikainamia sahani. Nilimwamini Profesa, Dada. Nisamehe ukiweza, na ukishindwa, niandikie hivyo hivyo.

Baba anakusalimu. Msalimie shemeji, nibusie mapacha. Mungu awafunike kwa rehema zake nyote mlioko huko.

Akupendaye, ingawa alinyamaza,
Kitindamimba wenu.